Jina la Mnyama na Mahali Pake: Mafunzo na Utafiti wa Zuolojia kutoka Makerere hadi Kiambere

Taaluma ya zuolojia ilipoingia katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ilikuja imekwisha kuvaa majina yake yote. Kilichombakia mwanafunzi kilikuwa kuyakariri. Suala la lugha katika idara hizo limezoea kujadiliwa kama suala la lugha ya kufundishia, yaani Kiingereza kiendelee au Kiswahili kipewe nafasi. Hilo ni suala zito. Lakini liko jingine chini yake ambalo huguswa kwa nadra, nalo ni hili: jina analolitumia mwenyeji kumwitia mnyama wa nchi yake lina hadhi gani ndani ya maabara? Je, ni ushahidi wa kisayansi, au ni njia tu ya kumfikia mnyama, njia ambayo huachwa mara mnyama apatikanapo? Historia ya utafiti katika mabwawa ya mto Tana, kutoka Kamburu hadi Kiambere katika nchi ya Wambeere, hulionyesha suala hilo vizuri kuliko mjadala wa kinadharia.

Yafaa kuanzia Makerere. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi, na tangu mwaka 1949 kilikuwa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, hivi kwamba mtahiniwa aliyesomea Kampala alitunukiwa shahada ya London. Vitabu vya kiada vya zuolojia vilivyotumiwa katika mafunzo ya namna hiyo vilijengwa juu ya wanyama wachache waliochaguliwa Ulaya: chura, sungura, mende, nyungunyungu, na aina ndogo ya papa ipatikanayo katika bahari za kaskazini. Aliyejua kumpasua na kumchora kila mmoja wao alihesabiwa kuwa ameelewa mpango mzima wa maumbile.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba walimu wa Makerere waliipa kisogo nchi waliyokuwamo. Uhusiano na London uliruhusu mitaala ibadilishwe ili ilingane na mazingira, na Profesa Leonard Beadle, aliyeiongoza zuolojia pale kwa miaka mingi, alifanya kazi ya kudumu juu ya maji ya Uganda, hasa jinsi viumbe wanavyoishi katika mabwawa ya mafunjo ambamo hewa ya oksijeni ni haba. Kitabu chake juu ya maji ya bara ya Afrika ya kitropiki, kilichotoka mwaka 1974, kimewalea wanafunzi wengi. Kwa hiyo mnyama wa Afrika aliingia darasani. Aliyebaki nje ni jina lake. Tofauti hii ni ndogo kwa kuitazama, lakini ndiyo kiini cha yote yanayofuata.

Nchini Kenya, Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilipokea wanafunzi mwaka 1956, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963 pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na mwaka 1970, umoja huo ulipovunjwa, kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Masomo ya viumbe yalipata makao Chiromo. Kizazi cha kwanza cha wanazuolojia Wakenya kilikuwa kimekwisha kupikwa Makerere: David Wasawo, aliyesoma huko na Oxford na kufundisha Makerere kabla ya kuwa miongoni mwa viongozi wa chuo cha Nairobi, na Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu aliyesoma Makerere na Cambridge. Mwaka 1967 Odhiambo aliandika katika jarida la Science la Marekani juu ya sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki, na mwaka 1970 akaanzisha kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, yaani ICIPE, kilichoanzia hapo hapo Chiromo.

Makao ya baadaye ya kituo hicho, huko Kasarani, yaliitwa Duduville. Jina hili ni la utani kidogo, nusu Kiswahili na nusu Kifaransa kilichopitia Kiingereza, lakini limebeba tatizo zima la istilahi. Neno mdudu halilingani na kundi ambalo wanazuolojia huliita Insecta. Katika matumizi ya kawaida buibui ni mdudu, tandu ni mdudu, na hata kiini cha maradhi kisichoonekana kwa macho huitwa mdudu. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba buibui si mdudu kwa sababu ana miguu minane hasahihishwi kosa la zuolojia peke yake; anavuliwa sehemu ya maana ya neno la lugha yake, wala haambiwi hivyo. Ndivyo ilivyo pia kwa neno mnyama. Msemaji wa Kiswahili humwita simba mnyama, lakini husita kumwita hivyo perege au kunguru, kwani hao ni samaki na ndege. Hivyo "elimu ya wanyama", tafsiri iliyoonekana nyepesi, humpa mwanafunzi picha finyu kuliko taaluma yenyewe. Inapendeza kulinganisha na Kikuyu, ambacho hutenga nyama, kitoweo, na nyamũ, kiumbe hai, kwa irabu ya mwisho, pale ambapo Kiswahili hutumia kiambishi cha ngeli. Lugha mbili za ukoo mmoja zimetatua jambo moja kwa vifaa tofauti. Jambo kama hili lingestahili saa moja katika mhadhara wa kwanza wa zuolojia, lakini kwa desturi liliachiwa idara ya lugha, iliyo kwenye jengo jingine.

Mto Tana ndio uliowatoa watafiti maabarani. Katika mkondo wake wa kati palijengwa mabwawa matano ya umeme yanayofuatana kama ngazi: Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Hili la mwisho lilijengwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi. Mitambo yake ilianza na uwezo wa megawati 144, ambao baadaye ulipandishwa hadi 168, na ziwa lake lina eneo la kilometa za mraba 25 hivi, kati ya nchi ya Wambeere upande wa Embu na nchi ya Wakamba upande wa Kitui. Leo upande wa magharibi ni wadi ya Kiambere katika Mbeere Kusini, kaunti ya Embu.

Kwa mwanazuolojia bwawa jipya ni jaribio lisilorudiwa. Mto unaokwenda mbio hugeuka ziwa katika msimu mmoja au miwili. Samaki waliozoea mkondo hupungua, wale wa maji yaliyotulia huongezeka, konokono wanaobeba kichocho hupata kingo za kuzaliana, mamba na kiboko hupata makao. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliendesha uchunguzi mkubwa wa ikolojia katika eneo la Kamburu na Gitaru. Ripoti yake, iliyohaririwa na mwanajiografia Richard Odingo, ilichapwa Stockholm mwaka 1979, na ni miongoni mwa kazi za mwanzo Afrika Mashariki zilizowakusanya wataalamu wa taaluma mbalimbali kulitazama bwawa moja kwa pamoja. Mwaka uliofuata Stephen Dadzie, aliyekuwa akifundisha zuolojia Nairobi, alichapisha makala juu ya mabadiliko ya uvuvi katika ziwa la Kamburu. Kazi hizi ni za kuheshimiwa.

Sasa, samaki hao waliitwaje, na nani? Hapa mambo yanakuwa na utata ambao mtaalamu wa lugha hawezi kuupita. Ukulima, mifugo na asali ndivyo vilivyokuwa tegemeo la watu wa nyanda hizi za Embu, wala uvuvi haukuwa kazi kubwa. Katika Kikuyu, lugha ndugu ya Kimbeere, neno la kawaida la samaki ni thamaki, yaani neno la Kiswahili ambalo s yake imegeuzwa th kulingana na sauti za lugha hiyo. (Kufanana kwake na mũthamaki, mtawala, ni bahati tu, ingawa kumewahi kuwachekesha wengi.) Maziwa ya mabwawa yalipojaa, walikuja wavuvi wenye uzoefu kutoka Nyanza, na pamoja nao na biashara ya samaki yakaja majina ya Ziwa Viktoria. Ngege ni neno la Kijaluo lililokwisha kuenea katika masoko ya Kenya kwa samaki ambaye pwani na Tanzania huitwa perege au sato. Mbuta wa Kisumu ndiye sangara wa Mwanza. Omena wa huku ni dagaa wa kule. Kwa hiyo kando ya ziwa moja katika nchi ya Wambeere palikutana Kimbeere, Kikamba, Kijaluo na Kiswahili, na juu ya zote hizo Kiingereza cha mtafiti na Kilatini cha lebo ya chupa. Kwa mchunguzi wa mgusano wa lugha hiyo ilikuwa hazina, na ilijengwa na wahandisi bila ya kukusudia.

Hoja iliyotolewa mara nyingi kulitetea jina la Kilatini ni kwamba ni moja na imara, ilhali majina ya wenyeji ni mengi na hubadilika kila baada ya kilima. Hoja hiyo ina kweli ndani yake. Lakini hebu itazamwe katika samaki huyu huyu ngege. Mwanafunzi aliyesoma mwishoni mwa miaka ya 1960 alijifunza kwamba ngege wa asili wa Tana na Athi ni wa jenasi Tilapia. Mwaka 1973 Ethelwynn Trewavas wa Makumbusho ya Uingereza aliwatenga wale wanaotunza mayai kinywani na kuwaweka katika jenasi Sarotherodon. Miaka kumi baadaye, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1983, wale ambao ni mama peke yake anayebeba mayai kinywani walikuwa wamewekwa katika Oreochromis, na samaki wa Tana akawa Oreochromis spilurus. Ndani ya muda usiotosha kumkuza mtoto hadi chuo kikuu, jina imara limebadilika mara mbili. Hali kadhalika kambare, aliyekuwa akiandikwa Clarias mossambicus katika vitabu vya Kenya, aliunganishwa katika miaka ya 1980 na Clarias gariepinus. Sokoni kambare alibaki kambare.

Hii si kusema kwamba Trewavas alikosea. Mabadiliko yake yalitokana na ujuzi mpya wa jinsi samaki hao wanavyozaa, na ni hapo hasa penye funzo kwa idara za lugha: jina la kisayansi ni dai juu ya maumbile, nalo hubadilika dai linapobadilika. Jina la mwenyeji nalo ni dai, lililopimwa kwa macho, mtego na sufuria. Madai mawili yaweza kulinganishwa. Mvuvi amwitaje ngege jike aliyebeba vifaranga kinywani, na je, humtenga na dume kwa jina? Anayeuliza hivyo hakusanyi ngano za kupamba utangulizi wa tasnifu. Anauliza swali la zuolojia katika lugha ya mtu aliyemwona samaki huyo mara nyingi kuliko mtafiti yeyote.

Kwamba jambo hili liliwezekana kunathibitishwa na mimea ya nchi ile ile. Kuanzia mwaka 1970 David Brokensha na Bernard Riley, wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, walifanya utafiti wa miaka mingi Mbeere. Mwaka 1980, katika kitabu juu ya elimu za wenyeji na maendeleo, walieleza jinsi Wambeere wanavyoijua mimea yao, na mwaka 1988, mwaka ule ule wa Kiambere, walitoa kazi yao ya juzuu mbili, ambayo juzuu ya pili imeitwaa mimea kwa majina na matumizi yake. Humo jina la Kimbeere limesimama kando ya la Kilatini, na jina hilo hufungua habari za kuni, dawa, malisho, ua la nyuki na mti wa kutundikia mzinga. Kimbeere, ambacho wanaisimu hukiweka pamoja na Kiembu chini ya alama E52 katika uainishaji wa Guthrie, kilipata hapo rekodi ya msamiati wa mimea ambayo lugha nyingi kubwa kuliko yenyewe hazina.

Wanyama hawakupata bahati hiyo kwa kiwango hicho. Sababu haziko mbali. Mti husimama, mzee huuelekezea fimbo, mtafiti akakata tawi, na jina na kielelezo vikaingia pamoja katika karatasi moja. Mnyama hukimbia, na samaki yumo ndani ya maji. Aidha, ujuzi wa mimea haukuvunja sheria yoyote, ilhali ujuzi wa wanyama wakubwa ulikuwa ujuzi wa mwindaji, na mwindaji hakuwa na sababu ya kuutangaza. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mwaka mmoja kabla ya hapo Hifadhi ya Taifa ya Mwea ilikuwa imetengwa karibu na makutano ya Thiba na Tana, ikiwa na tembo, viboko na mamba wake. Uhifadhi ulimwokoa mnyama, jambo jema. Lakini jina lisilotumiwa katika kazi hubaki jina tu, na yale maneno madogo ya nyayo, umri, mwendo na tabia hutoka kwanza.

Kisha maji yakapanda Kiambere. Maelfu kadhaa ya watu walihama. Anayejua vizuri yaliyowapata ni Edward Mburugu, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye uchunguzi wake ulichapishwa na Benki ya Dunia mwaka 1994. Wastani wa ardhi ya familia ulishuka kutoka hekta 13 hadi 6; mifugo ilipungua kwa zaidi ya theluthi; mavuno ya mahindi kwa hekta yalipungua kwa asilimia 68 na ya maharagwe kwa asilimia 75; na pato la familia likaanguka kutoka shilingi 10,968 hadi 1,976, yaani hasara ya asilimia 82. Takwimu hizi zimetajwa mara nyingi katika maandishi ya kimataifa juu ya watu wanaohamishwa na mabwawa. Hazikukusanywa ili kueleza hali ya lugha, wala hazipaswi kulazimishwa kuieleza. Lakini msomaji wa taaluma ya lugha ataona kwamba mtu aliyeondolewa kando ya mto ameondolewa pia mbele ya vitu alivyovitaja kila siku: msitu wa ukingoni, ndege wake, kina ambamo mamba hulala, kivuko kinachojulikana kwa jina la mnyama. Mtafiti wa zuolojia na mtafiti wa jamii walipita nchi ile ile katika miongo ile ile, mmoja akihesabu samaki na mwingine akihesabu mbuzi. Wa tatu, wa kuandika maneno, ndiye aliyepungua.

Wakati huo huo wataalamu wa Kiswahili walikuwa na shughuli nyingine. Nchini Tanzania, Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kifundishie shule za sekondari, Serikali haikulitekeleza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam iliendelea hata hivyo, na mwaka 1990 ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kwa kamusi hiyo na nyinginezo mwalimu aliweza kusema spishi, jenasi, mamalia na reptilia bila kugugumia. Ni hatua ya maana. Lakini istilahi za namna hii zilianza na orodha ya Kiingereza ikatafutiwa visawe; hazikuanza na mnyama. Kanuni iliyofundishwa kwa muda mrefu katika uundaji wa istilahi ni kwamba neno litafutwe kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, ndipo liendewe ng'ambo. Kwa kanuni hiyo Kimbeere na Kikamba ni hatua ya pili, kabla ya Kilatini. Katika zuolojia ngazi hizo kwa kawaida zilirukwa, na sababu yake ni ya kawaida sana: mwanaistilahi hawezi kukopa neno ambalo hakuna aliyeliandika.

Mfano wa njia nyingine ulitoka kaskazini mwa Kenya, wala haukutoka katika idara ya lugha. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, alichapisha katika Science matokeo ya utafiti juu ya ndege anayewaongoza watu kwenye makao ya nyuki. Warina asali wa Kiborana walikuwa wakisema siku zote kwamba ndege huyo huwaonyesha mwelekeo wa makao hayo, umbali wake, na wakati yalipofikiwa, na wataalamu wengi waliyachukua maneno hayo kuwa hadithi. Isack na mwenzake waliyachukua kuwa madai yanayopimika, wakayapima moja moja. Wakaona kwamba katika nchi isiyojulikana kwao warina asali walitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki bila ndege, na saa 3.2 wakiwa naye. Na kwamba mwendo na mlio wa ndege kweli hubeba habari walizozisema. Nadharia ya utafiti ilikuwa sentensi za Kiborana.

Mbeere nako ni nchi ya asali, na mzinga wa gogo hutundikwa mtini hadi leo. Kazi ya kuandika majina ya nyuki, ndege, samaki na wanyama wa ukingo wa Tana, jina kando ya kielelezo kama ilivyofanyiwa mimea, yahitaji mwanazuolojia mmoja, mwanaisimu mmoja na mwenyeji aliyeishi bondeni kabla ya maji. Mtu aliyehama Kiambere akiwa na umri wa miaka 40 sasa anakaribia 80.